Samaki wa Siku ya Pili

Ngamiani, Tanga
22 Julai 2025

Bushra mwanangu,

Nimefika salama. Twalib kanikabidhi kwa mama yako kama mzigo mwingine wowote wa basi lake, akamwambia, "Bi Mwanakombo, mzee wako huyu, hesabu viungo kabla sijaondoka." Siku nne njiani, na kila shimo la barabara mgongo umelihesabu. Lakini macho, mwanangu. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, sikumwita mtu. Tangu yule daktari uliyenipeleka kwake anitoe mtoto wa jicho nasoma mpaka maandishi ya kopo la maziwa. Nimemtazama mama yako nikamwambia amezeeka. Kanijibu kwamba yeye alikuwa akiniona miaka yote, alinyamaza kwa heshima tu.

Simu usinipigie. Masikio hayakupasuliwa. Mdogo wako Fahad akinishikia ile simu nasikia nyuki. Andika, mpe Twalib.

Nilikitukana sana chakula cha Johannesburg, nakiri. Wiki tano za baridi, samaki wa barafu na viazi vya kukaanga, na wewe kutwa nzima uko saluni unasuka vichwa vya watu. Nilikuwa nasema moyoni, mji huu umenilia mtoto. Kisha Jumamosi ya mwisho ukaniwekea yule samaki. Nimeuza samaki miaka arobaini pale Deep Sea, sijapata kula nyama inayoachana majani majani vile, na mafuta yake kama tui la kwanza. Na kile kiporo cha Jumapili mchana ndicho kilichonimaliza kabisa.

Nimemsimulia mama yako mpaka kachoka, sasa anataka naye apikiwe. Niandikie samaki yule ni nani, na ile siki tamu uliyoniambia, inapatikana wapi. Mimi nilisikia ukimwita kodi. Nimewaambia wenzangu wa kahawa kwamba nimekula samaki wa kodi, wananiuliza kama nilipewa na risiti.

Mama yako anakusalimu, anasema vaa soksi.

Baba yako,
Khatibu


Yeoville, Johannesburg
28 Julai 2025
(Haikutumwa)

Baba,

Barua yako nimeisoma mara tatu, kichwa cha mtu kikiwa mkononi. Kabla ya mapishi nina neno.

Habari za yule samaki nilizipata kwa mteja wangu mmoja, mwalimu wa chuo kikuu pale Braamfontein, huja kusuka kila mwezi. Akaniandikia kila kitu kwenye karatasi. Nikapanda teksi mbili mpaka Cyrildene kwa Wachina, nikampata kwenye friza, kipande kimoja kimefungwa plastiki, bei yake sikutajii. Nikanunua na ule uji wa soya uliochacha, na chupa moja yenye maji ya rangi ya asali, inaitwa mirin. Nikamwuliza muuzaji hii ni nini. Kiingereza chake cha kuungaunga, na changu vilevile. Akasema, "Kama siki. Siki tamu." Siki si haramu, wewe mwenyewe ulitufundisha. Nikamlaza samaki humo siku mbili. Ulipoonja Jumamosi ukaniuliza utamu huu wa nini, nikakujibu kwa moyo mweupe, siki.

Jumapili asubuhi ulikuwa bado umelala. Epiphanie, yule Mrundi ninayeshiriki naye jiko, akaigeuza chupa nyuma akasoma maandishi madogo. Akaniambia, "Dada, hii si siki. Hii ni divai ya mchele, inalewesha." Nilimnyang'anya nikasoma mwenyewe. Asilimia kumi na nne.

Nilitaka kukwambia. Wallahi nilitaka. Wewe ni mtu ambaye hata dawa ya kikohozi huuliza kwanza ndani mna nini. Lakini ulipomaliza adhuhuri ukaja jikoni mwenyewe, ukauliza kama kile kilichobaki bado kipo. Wiki tano hukuwa umeniomba kitu. Wiki tano ulinitazama kama mtoto wa jirani. Jumamosi ndipo uliposema, "Leo nimemwona Bushra wangu." Nikaogopa kwamba ukijua, utarudi Tanga ukiwa na neno moja tu la kusema juu yangu, kwamba Johannesburg imenifanya nimlishe baba yangu pombe.

Nikakipasha moto. Nikakuwekea, nikakaa mbele yako, ukala, ukanisifu. Jumamosi sikujua, Baba. Jumapili nilijua.


Yeoville, Johannesburg
29 Julai 2025

Kwa Baba yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa Fahad. Mimi mzima. Nimefurahi kuona mwandiko wako, unapinda kulia kama zamani. Soksi navaa, mwambie Mama.

Jina la samaki ni black cod. Si kodi ya nyumba, Baba, eish, utanivunja mbavu. Nimetafuta kwenye simu, wanasema cod kwa Kiswahili ni chewa. Basi huyo ni chewa mweusi, na huko chewa wapo tele. Mkate vipande vinene, mpake chumvi, sukari, tangawizi, ukwaju mzito badala ya uji wa soya niliotumia mimi, na siki. Siki ya kawaida ya dukani inatosha kabisa. Ile ya huku usihangaike kuitafuta, wala usimwulizie mtu, haifiki huko. Mlaze siku mbili mahali pa baridi, kisha mchome moto wa juu mpaka kingo ziwe nyeusi.

Kwingine hakuna jipya. Kazi ipo. Robot ya pale kona ya saluni imekufa taa zote, nyekundu hata kijani, wiki ya pili sasa, magari yanapigiana honi kutwa, hatusikilizani. Epiphanie anakusalimu.

Niombee.

Bushra


Ngamiani, Tanga
6 Agosti 2025

Bushra,

Umeninyima kitu. Sijui ni nini, ila umeninyima.

Chewa mimi namjua tangu sijavaa suruali. Nilichagua mwenyewe, mnene, macho yanang'aa. Nikamlaza siku mbili kwenye friji ya jirani mpaka jirani akauliza kama nimempangisha. Nikamchoma kama ulivyosema. Akatoka mkavu kama fimbo ya maalim, juu mtamu, ndani mkali wa siki. Huyo wako na chewa hawajuani hata kwa kusikia. Mwambie huyo wa kwenye simu anayegawa majina ya samaki aje Deep Sea nimfundishe.

Mama yako alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akakaa, akala sahani nzima, akasema mume wangu kaingia jikoni baada ya miaka arobaini na mitatu, nami nile kwa kuchagua? Alikomba na ukwaju.

Amekuwa na homa tangu juzi. Fahad kampeleka kupimwa, wamempa dawa. Usijali, mama yako unamjua. Namwombea kila nikiinua kichwa kwenye msala. Lakini ile siki tamu kumbuka vizuri, uniandikie jina lake sawasawa, akipona nimpikie tena.

Khatibu


Ngamiani, Tanga
2 Septemba 2025

Mwanangu,

Fahad alikupigia siku ileile ya tarehe 14, kwa hiyo habari unayo. Mimi nakuandikia ili uone mkono wangu, ujue nipo.

Tulimzika mama yako alasiri. Watu walikuwa wengi, hata wa kutoka Pangani walifika. Maziko nimeyaona mwanzo mpaka mwisho kwa macho haya uliyonitibia. Nilikuwa nimezoea kuona vivuli tu, sasa niliona kila kitu, mpaka uzi wa sanda. Sikulaumu, ni tiba njema, ila siku ile nililitamani lile pazia langu.

Kuna jambo linanisumbua, nikuambie wewe kwa sababu Fahad bado ana machungu. Siku zote za homa yake sikupitisha swala bila kumwombea. Nimeomba mpaka magoti yamechubuka. Nami si mtu wa kumwuliza Mola kwa nini, kuuliza ni kukosa adabu. Lakini moyo hauna adabu, unauliza wenyewe. Nafikiri labda nina kosa nisilolijua.

Ulivyolia kwenye simu Fahad aliniambia. Kula, mwanangu.

Baba


Yeoville, Johannesburg
12 Septemba 2025

Baba yangu,

Poleni, na mimi najipa pole. Sikuja, na unajua kwa nini. Kibali changu kimekwisha tangu mwaka juzi. Nikikanyaga mpaka kutoka, wanapiga muhuri na wananifungia nisirudi miaka mitano. Nilikaa chini ya meza ya saluni nikalia, wenzangu wakafunga mlango, wakaniacha nilie.

Umeandika kwamba labda una kosa usilolijua. Baba, usiseme hivyo. Huna kosa. Kama kosa lipo, ni langu.

Ile siki haikuwa siki. Mchina aliyeniuzia, Kiingereza chake cha kuungaunga, alisema ni siki tamu, nami nikaamini. Epiphanie ndiye aliyesoma maandishi ya nyuma ya chupa, akaniambia ni divai ya mchele. Nilikuja kujua ulipokwisha kuondoka. Tangu hapo nimekosa raha. Ndiyo maana nilikuandikia siki ya kawaida, na ndiyo maana chewa wako alitoka vile. Nilikuharibia na chakula cha Mama.

Epiphanie anasema moto huikausha yote, haibaki kitu. Mimi sijui. Chupa nimeimwaga. Nisamehe, Baba. Sikukusudia.

Bushra


Ngamiani, Tanga
21 Septemba 2025

Bushra wangu,

Barua yako ilinikalisha kitako. Sikudanganyi, nilisukutua mdomo, kana kwamba samaki wa Julai bado yumo.

Kisha nikaenda kwa Maalim Mansour, nikamwekea jambo lote mezani. Kanisikiliza, kaniuliza, "Ulijua?" Nikasema hapana. "Binti alijua?" Nikasema hapana, kajua baadaye. Akasema basi nyanyuka ukanywe kahawa yako, aliyeteleza bila kujua haandikiwi kosa. Wewe hukujua, mimi sikujua, na samaki naye hakujua. Tumebaki na nani wa kumlaumu? Yule Mchina naye Kiingereza kilimshinda.

Nimecheka leo kwa mara ya kwanza tangu mama yako aondoke. Angekuwepo angenitania mpaka kiyama, eti mlevi wangu. Na umekuwa ukilibeba hili peke yako, maskini, ukasukia watu nywele na jiwe kifuani. Tua mzigo. Radhi yangu unayo, ya kwangu na ya mama yako, maana najua naye angekupa. Mtoto anayekiri kosa la bahati mbaya, ambalo angeweza kulificha mpaka kufa, huyo nimemlea vizuri.

Kula, uvae soksi. Sasa hilo nalisema mimi.

Baba yako,
Khatibu


Yeoville, Johannesburg
3 Oktoba 2025

Baba,

Umesema umenilea vizuri. Tangu niyasome maneno hayo chakula hakishuki.

Ndani ya bahasha hii nimetia barua ya tarehe 28 Julai ambayo sikukutumia. Isome hiyo kwanza, kisha urudi hapa.

Umeona. Si kweli kwamba nilijua ulipokwisha kuondoka. Nilijua Jumapili asubuhi, na wewe ulikula Jumapili mchana. Mwezi uliopita nilikuandikia nusu kwa sababu nusu ndiyo ilinitoka, ukaenda nayo kwa Maalim, ukamwambia binti hakujua. Nimekutia uwongo mdomoni mbele ya mtu wa dini. Ukanipa radhi juu yake.

Kuna lingine. Utotoni, chuoni kwa maalim, tulifundishwa kwamba anayekunywa, swala yake haikubaliwi siku arobaini. Najua wewe hukunywa kwa kutaka. Lakini nimehesabu, Baba, nikianzia Jumapili ile. Mama alifariki siku ya thelathini na tatu. Ulipoandika kwamba umeomba mpaka magoti yakachubuka, na hujui kwa nini hukusikiwa, mimi nilidhani najua kwa nini.

Na mimi mwenyewe sikuomba. Fahad aliponiambia Mama ana homa nilitandika msala, nikainua mikono, nikaona aibu, nikaishusha. Nilijiambia nikiri kwanza kwa Baba, nikiwa safi ndipo nimwombee. Kila siku nikasema kesho. Sikumwombea hata mara moja, nikachelewa.

Sikuombi radhi tena. Nimeandika ili ujue uliyempa ni nani.

Bushra


Ngamiani, Tanga
7 Desemba 2025

Bushra,

Barua zako mbili nilizipata Oktoba. Twalib amepita mara tatu akiuliza kama kuna jibu, mara tatu nimemwambia hakuna. Leo lipo.

Kwanza swala zangu. Nilirudi kwa Maalim Mansour nikamweleza upya, na ilinibidi niseme mbele yake kwamba mara ya kwanza nilidanganywa na mwanangu. Kasema palepale, asiyejua hana dhambi, na dua ya mume kwa mkewe haizuiliwi na sahani aliyopewa na mtu mwingine. Mama yako siku zake zilikuwa zimetimia. Hukumwua kwa samaki, na hizo hesabu zako za siku thelathini na tatu zifute leo. Sitaki kuzisikia tena kwako wala kwa mtu mwingine.

La Jumamosi nilikwisha kulisamehe, silirudii. La Jumapili limenikaa kooni. Nilijaribu kujiambia ni kwa sababu ya ile divai, na nikaona siyo. Ni kwamba ulikaa mbele yangu ukanitazama nikila, nami nakusifu, na wewe unajua. Ulinifanya mjinga kwenye sahani yangu mwenyewe. Unasema uliogopa ningekusema vibaya Tanga. Huenda ningekusema. Mimi nina mdomo, nilikuwa nimekununia wiki tano kwa nguo zako na samaki wako wa barafu, na mtoto anayenuniwa hujifunza kuficha. Hapo nina fungu langu, sikatai. Lakini nimekasirika miezi miwili, nimemgombeza Fahad, nimemgombeza muuza kahawa, nimegombeza hata paka.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikuwahi kukuandikia. Katika ile homa mama yako alikuwa akiniuliza kila asubuhi, "Bushra ananiombea?" Kila asubuhi, mwanangu, hata siku zile za mwisho ambapo maji yenyewe alikuwa hayaulizii. Nami nilikuwa namjibu, "Kila swala. Binti yako hapitwi." Sikukuuliza wewe. Nikuulize kwa nini, nililijua kama ninavyolijua jina langu. Akawa anatulia, anafumba macho. Amekwenda akiamini hivyo. Halafu nakuja kusoma kwa mkono wako kwamba hukumwombea hata mara moja.

Basi na mimi nimemlisha mama yako kitu nisichojua ndani mna nini. Kilikuwa kitamu, akakipokea, akashukuru. Wewe unayo nafasi ya kuniomba msamaha mimi. Yeye nitampata wapi?

Radhi ya Septemba niliitoa kwa mtu ambaye hakujua. Huyu aliyejua sijampa. Sijakunyima, mwanangu, ila hii sitaipakia kwenye basi la Twalib. Habari ya mpaka naijua, miaka mitano najua ni nini kwa mtu mwenye kazi yake na kitanda chake, na sisemi ni jambo dogo. Nimelifikiria siku nyingi kabla sijaandika. Hata hivyo kaburi liko hapa na mimi niko hapa. Njoo uende kwa mama yako, umwambie mwenyewe hayo uliyoniambia mimi, kisha umwombee. Nitasimama nyuma yako niitikie amina.

Hii usiijibu kwa barua.

Baba yako,
Khatibu